Kilo 23 ni kipimo cha mgongo, si cha ndege

Sanduku likisoma kilo 27 kwenye mizani ya kaunta, abiria wengi huamini kwamba kinacholindwa ni ndege. Sivyo. Boeing 737-800 inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa tani 79 kwa jumla. Kilo nne za dagaa na unga hazibadilishi kitu. Rubani hupewa jumla ya mizigo yote na mahali ilipopangwa, mbele au nyuma, ili ndege isielemee mbele wala nyuma. Kama ingekuwa ni ndege inayolindwa, fedha unazolipa kaunta zisingesaidia lolote, maana ukishalipa, kilo nne zile zile zinapanda.

Anayepaswa kulindwa ni mtu aliyepiga magoti ndani ya tumbo la ndege, anayepokea begi lako na kulipanga ukutani. Ukilipia uzito wa ziada, pesa inabaki ofisini na kilo zinakwenda kwake.

Ndege ndogo zina habari nyingine. Cessna Caravan inayokwenda Serengeti, Mafia au Maasai Mara hubeba abiria wachache, na mara nyingi unaambiwa kilo 15 pamoja na mzigo wa mkononi, tena kwenye begi laini lisilo na fremu. Hapo kweli ni ndege na njia fupi ya kurukia. Lakini kwa ndege kubwa ya abiria, kilo 23 na kilo 32 ni namba za mwili wa binadamu, na zingefaa kusomwa hivyo.

Utaratibu unaofuatwa karibu kote duniani ni huu. Begi lisilozidi kilo 23 ni begi la kawaida. Likipita 23 hadi 32, linabandikwa lebo ya uzito, ile yenye neno HEAVY kwa herufi nene, ili mpakiaji ajiandae kabla hajalishika. Likipita 32 halipokelewi kabisa kama begi la abiria: ulifungue ulipunguze, au liende kama shehena. Huo mpaka wa 32 hauuzwi, na ni vizuri hauuzwi. Tatizo ni hizo kilo tisa za katikati.

Namba 23 ipo pia mahali pengine, na hapo ndipo mambo yanapoonekana vizuri. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilirekebisha kanuni yake ya kukadiria uzito ambao mfanyakazi anaweza kuunyanyua kwa usalama. Kanuni inaanza na kilo 23. Lakini hizo 23 ni za hali bora isiyo na kasoro: mzigo umegusana na mwili, mikono iko usawa wa sentimita 75 kutoka chini, hakuna kupinda kiuno, mshiko ni mzuri, na unanyanyua mara mojamoja tu. Kila sharti linapovunjika, unazidisha kwa namba iliyo chini ya moja, na zile kilo zinashuka.

Tufanye hesabu ya mpakiaji aliyesimama kando ya tela, anahamishia begi kwenye mkanda wa kupakilia. Begi lenyewe ni shangazi kaja iliyofungwa kamba. Mikono inalishika sentimita 50 mbele ya vifundo vyake vya miguu, kwa sababu ukingo wa tela unamzuia kusogea. Umbali huo pekee unakata nusu, tumebaki na 11.5. Linaanzia sentimita 20 kutoka chini, si 75. Tunashuka hadi 9.6. Linapandishwa sentimita 60 hadi kwenye mkanda: 8.6. Tela iko ubavuni, mkanda mbele, kwa hiyo kiuno kinazunguka nyuzi 45: 7.4. Mabegi yanakuja matano kwa dakika kwa muda usiozidi saa moja: 5.9. Kamba si mshiko: 5.3.

Kilo tano na ushee. Hicho ndicho kinachopendekezwa kwa mtu huyo, mahali hapo, kwa mwendo huo. Begi la kilo 23, ambalo kaunta inaliona la kawaida na halina hata lebo, ni zaidi ya mara nne ya kipimo. La kilo 32 ni mara sita. Kwa mujibu wa NIOSH, hatari ya mgongo huanza kupanda uwiano huo ukivuka moja, na ukivuka tatu wafanyakazi wengi wako hatarini. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, imetumia njia nyingine ya kukadiria, lakini ikafika jirani: mwanamume anayenyanyua usawa wa kiwiko, mzigo ukiwa kifuani, kilo 25, usawa wa sakafu na mikono imenyooshwa mbele, kilo 5. Kwa mwanamke ni 16 na 3.

Hesabu hiyo, kumbuka, ni ya mtu aliyesimama. Kwa aliyepiga magoti au aliyebanwa mahali pafupi, NIOSH yenyewe imeandika kwamba kanuni isitumike. Na ndani ya tumbo la ndege hakuna kusimama. Kwenye Boeing 737, sakafu hadi dari ya chumba cha mizigo ni kama mita 1.1. Airbus A320 inazidi kidogo. Mtu mzima humo anachagua moja kati ya mambo manne: kupiga magoti, kuchuchumaa, kukaa kitako miguu ikiwa mbele, au kuinama hadi mgongo uwe sambamba na dari. Wa mlangoni anatoa begi kwenye mkanda na kulisukuma juu ya sakafu. Wa ndani analipokea, analigeuza, analisimamisha ukutani. Safu ya chini ni rahisi. Safu ya tatu na ya nne inambidi alipandishe begi juu ya mabega yake akiwa bado amepiga magoti, kisha alisukume kwa viganja mpaka libane kwenye dari, maana likiachwa na nafasi litahama ndege ikiruka.

Ule ushauri wa siku zote, nyanyua kwa miguu usinyanyue kwa mgongo, humo hauna kazi. Miguu imekunjwa chini yake. Nguvu yote inatoka kiunoni, mabegani na mikononi, na goti ndilo linalokanyaga bati la sakafu na kugeuka nalo. Watafiti wa Denmark waliowafuatilia kwa miaka mingi wapakiaji wa uwanja wa ndege wa Copenhagen walikuta kwamba kadiri mtu anavyokaa kwenye kazi hiyo, ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa kuchanika kigegedu cha goti, kile kinachokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, na wa kupata maradhi ya bega. Kwa hiyo semina ya nusu siku ya jinsi ya kunyanyua mzigo, yenye mchoro wa mtu aliyenyoosha mgongo, haitoshi hata kidogo. Mafunzo peke yake hayajaonyesha kupunguza maumivu ya mgongo kazini.

Hapa kwetu hoja hii hukutana na jibu lililo tayari: mbona kuli wa sokoni anabeba gunia la kilo 100, tena la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na anatembea nalo? Ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Kwanza, kuli huyo hanyanyui gunia kutoka chini peke yake. Wenzake wawili humtwika. Pili, gunia linakaa juu ya mabega na mgongo wa juu, karibu kabisa na mstari wa uti wa mgongo, na uzito unashuka wima hadi kwenye nyayo. Misuli ya kiuno hushika sentimita 5 hivi tu nyuma ya pingili inazozivuta. Begi la kilo 23 likiwa sentimita 50 mbele ya pingili hizo, ni kama bembea ya ubao yenye mkono mmoja mrefu mara kumi kuliko mwingine: misuli lazima ivute kwa nguvu ya karibu kilo 230 ili begi lisianguke. La kilo 32, karibu 320. Nguvu hiyo yote inaziminya diski zilizo kati ya pingili, na bado hatujaongeza uzito wa kiwiliwili cha mtu mwenyewe aliyeinama. Mpaka wa minyo ambao NIOSH iliuweka kwa pingili za chini ni nyutoni 3,400, yaani kama kilo 350. Tatu, na hili nalisema bila kusita, kuli wa sokoni naye anaumia. Tanzania imehangaika miaka mingi kuiondoa lumbesa kupitia Wakala wa Vipimo, ingawa kelele kubwa zaidi ilikuwa ya mkulima anayepunjwa. Mabega ya anayebeba hayakusikika sana. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume anayebeba kwa mikono. Kazi moja kuwa mbaya haiifanyi nyingine kuwa nzuri.

Turudi kwenye safari ya begi. Kutoka kaunta linapita kwenye mkanda hadi chumba cha kuchambulia, mtu analitoa na kulipanga kwenye tela. Trekta inavuta tela hadi kwenye ndege, mtu analitoa kwenye tela na kuliweka kwenye mkanda wa kupakilia. Wa mlangoni analipokea. Wa ndani analipanga. Ni kunyanyuliwa au kukokotwa mara nne kabla ndege haijafunga mlango, na mara nne nyingine mwisho wa safari. Likibadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Doha, ongeza. Chukua ndege moja yenye mabegi 120 ya kilo 20: ni kilo 2,400, ambazo kila mmoja kwenye mnyororo ule anazipitisha mikononi mwake, mara nyingi ndani ya nusu saa, kisha inakuja ndege nyingine. Ndiyo maana sipendi mazungumzo yanayoishia kwenye begi moja zito. Begi zito huumiza kwa mkupuo. Wingi wa mabegi ya kawaida unakula mtu polepole.

Ndege pana kama Boeing 787, 777 na Airbus A330 hupakiwa kwa makontena ya aluminiamu, na watu wengi hudhani hapo taabu imekwisha. Imehama. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 1.6 hivi na bado linajazwa kwa mikono kwenye chumba cha kuchambulia. Mpakiaji anasimama, jambo ambalo ni nafuu kubwa, lakini safu ya juu iko usawa wa uso wake na begi la kwanza la chini liko mbali kwenye kona. Tena huko nyuma ya ndege kunabaki chumba kidogo kisichoingia kontena, na ndiko yanakopelekwa mabegi ya dakika za mwisho na vigari vya watoto.

Mashine zipo. Kifaa cha Power Stow kilichobuniwa Denmark ni mkanda unaojirefusha kutoka kwenye mlango wa ndege hadi ndani kabisa, na ncha yake hupanda na kushuka, hivyo begi linafika karibu na safu linapotakiwa kukaa. Sliding Carpet ni sakafu inayosogea yenyewe ndani ya tumbo la ndege: mpakiaji anabaki mlangoni, anajenga ukuta wa mabegi mbele yake, kisha anabonyeza kitufe na ukuta mzima unarudi nyuma. Kwenye chumba cha kuchambulia kuna vinyanyuzi vya kufyonza hewa vinavyoning'inia darini. Unagusisha kichwa chake kwenye begi, kinalinyonya, nawe unaliongoza tu. Kila kimoja kina kasoro yake. Mkanda unaojirefusha haupangi, kwa hiyo safu ya juu bado ni ya mikono. Sakafu inayosogea inaongeza uzito kwenye ndege kila safari. Vya kufyonza hushindwa na mabegi laini ya kitambaa, na vina mwendo ambao msimamizi mwenye haraka huuona wa pole, kisha vinaachwa vikining'inia. Hilo la mwisho ni kosa la upangaji wa watu: ukiweka mashine bila kuongeza dakika au mtu, wafanyakazi wataikwepa ili wawahi ndege.

Sasa bei, kwa sababu ndipo penye ufunguo. Mashirika hutumia njia mbili za kutoa ruhusa ya mizigo. Moja ni ya vipande: mabegi mawili, kila moja kilo 23. Nyingine ni ya jumla: kilo 30, utajua mwenyewe utakavyozigawa. Hii ya pili inaonekana ya ukarimu, na wafanyabiashara wanaotoka Dubai huipenda, lakini inamwalika abiria atie kilo 30 zote kwenye sanduku moja, na anafanya hivyo kwa haki kabisa, maana sanduku moja ni rahisi kulisukuma kuliko mawili. Halafu kuna daraja la biashara, ambako mashirika mengi huruhusu mabegi mawili ya kilo 32. Yaani aliyelipa zaidi amepewa haki ya kumtwisha mpakiaji mzigo mzito zaidi. Mgongo haujui tiketi ni ya daraja gani. Kama shirika linataka kumheshimu abiria huyo, limpe begi la tatu la kilo 23. Jumla inazidi kilo 64 alizokuwa nazo, na hakuna anayenyanyua 32.

Yapo mapingamizi, na moja lina uzito. Ukigawa kilo 32 kuwa mabegi mawili ya 16, jumla haijapungua, na mpakiaji ameinama mara mbili badala ya moja; kila akiinama ananyanyua pia kiwiliwili chake. Ni kweli. Ndiyo maana kugawa mabegi bila kuongeza mtu wa tatu kwenye kikosi, na bila kubadilishana nafasi ili yule wa ndani asikae humo zamu nzima, ni nusu ya kazi. Lakini kati ya vinyanyuo viwili vya 16 na kimoja cha 32 mahali pasipo na nafasi ya watu wawili kusaidiana, sioni cha kusitasita. Begi la kilo 16 mtu mmoja analimiliki, hata likimponyoka anaweza kulirudisha. La 32 ndilo linalommiliki yeye.

Lebo nayo inahitaji maneno mawili. Mwili hupanga nguvu kwa macho kabla mkono haujagusa. Sanduku kubwa jepesi halina madhara, unajikwaa kidogo tu. Kisanduku kidogo kilichojaa vipuri vya gari ndicho kinachoteguza, kwa sababu macho yalisema kilo kumi na misuli ikaja na nguvu ya kumi. Kwa hiyo lebo ya HEAVY ibandikwe pande mbili, iandikwe kilo halisi kwa tarakimu kubwa, na ikae karibu na mshikio, mahali mkono unapokwenda. Mara nyingi hubandikwa upande mmoja, na begi likilala upande huo haina maana. Au mhudumu wa kaunta, foleni ikiwa ndefu, hukata risiti ya kilo za ziada na kusahau lebo: pesa imeonekana, hatari haikuonekana. Mfumo wa kaunta ungeweza kukataa kutoa risiti mpaka lebo ichapwe.

Upande wa abiria, machache yanasaidia kuliko yanavyodhaniwa. Pima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Chagua begi lenye mshikio juu na ubavuni, kwa sababu huko ndani linashikwa kwa mikono miwili. Ule mpini wa kuvuta unaojirefusha ni wa kukokota, ukinyanyuliwa nao hukatika na begi kumwangukia mtu. Vitu vizito viweke katikati, vyepesi pembeni, begi lisiegemee upande mmoja. Boksi lifungwe kamba ngumu yenye vishikio viwili, si mkanda wa gundi pekee, na samaki wakavu wawe kwenye ndoo yenye kifuniko kilichobanwa, maana mafuta yakivuja mshiko unateleza. Mzigo wa mviringo usio na upande bapa ni tabu: uwanja wa Dubai tangu Machi 2017 unakataa mizigo ya namna hiyo kwa sababu hubingirika na kukwamisha mikanda, na kila mkanda unapokwama kuna mtu anakwenda kuinama.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote mbili humbebesha mwajiri wajibu wa kutathmini hatari. Mkaguzi anayefika uwanja wa ndege asiishie kwenye fulana za kung'aa na viziba masikio. Aingie ndani ya tumbo la ndege na futi, apime kimo, ahesabu mabegi kwa dakika, aulize ni nani aliyekaa humo tangu asubuhi na goti lake limevaa nini.

Na shirika linalotaka kuanza kesho asubuhi halihitaji kununua mashine yoyote. Lifungue jedwali lake la bei, litazame abiria mwenye kilo 32 analipishwa kiasi gani akizitia zote kwenye sanduku moja, na kiasi gani akizigawa mara mbili. Begi la pili la kilo tisa liwe nafuu, nafuu ya kuonekana kwa macho pale kaunta, kuliko kilo tisa juu ya begi la kwanza.